Tata Reforme na Gari la Umeme

Alikuwa na tabia ya kutazama kitu mara moja na kukuambia kimebakiza muda gani. Kiti cha jikoni, godoro, paa la kanisa, viatu vya mtu aliyesimama mbele yake: aliinamisha kichwa, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akatoa hukumu. "Hii iko na miezi tatu." Wala hukuwa umemwuliza. Na jambo lililotuudhi zaidi ni kwamba miezi mitatu ilipotimia kiti kilivunjika kweli, mgeni akiwa amekikalia.

Ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote katika karakana za kampuni ya migodi, pale Kolwezi. Mashine ikichoka, yeye ndiye aliyeitwa kuitazama. Akiona haifai tena, alichovya brashi katika kopo la rangi nyeupe na kuichora msalaba mlangoni. Basi mashine hiyo ilikuwa imepita reforme, yaani imetolewa kazini, na hakuna mhandisi aliyekuwa na ubavu wa kuirudisha. Kambi nzima ya wafanyakazi tulimwita Tata Reforme, yaani Baba Reforme. Karakanani alikuwa Chef, yaani mkuu. Mke wake alimwita "wewe", tena kwa sauti ya juu.

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Katika mwaka ninaotaka kuusimulia, kila mtu mjini aliulizwa babu yake alitoka wapi, na jibu ndilo lililoamua kama utalala kwako au utalala gare, pale kwenye kituo cha treni. Nimelichoka swali hilo. Itoshe kujua kwamba yeye hakuwa miongoni mwa waliotakiwa kuondoka, na sisi tulikuwamo. Babu yangu alitoka mkoa wa Kasai kuja kujenga reli. Mimi nilizaliwa Kolwezi, nikasoma Kolwezi, nikafundisha darasa la tatu Kolwezi, na hiyo Kasai niliijua kwa ramani niliyowachorea wanafunzi ubaoni.

Nikiukumbuka mtaa wetu sasa, hauji kamili. Unakuja vipande vipande, kama asubuhi za Juni kule juu, baridi inapokuwa kali na ukungu umekaa chini, unaona bomba la moshi la nyumba lakini nyumba yenyewe huioni. Naona ua wa matofali. Naona kamba ya nguo. Kisha kutoka ndani ya ukungu inatokea kamionete, gari dogo la mizigo, bila sauti yoyote, inapita taratibu mbele ya mlango wetu, na ndani yake ameketi mtu mwembamba mwenye tai, juu ya tai amevaa ovaroli ya buluu. Mpaka leo huwa naiota hivyo, nami katika ndoto sishangai.

Kamionete hiyo ilikuwa ya umeme. Kampuni iliileta kutoka Ulaya zamani sana, ibebe vipuri ndani ya karakana ambamo moshi haukutakiwa. Ilikuwa na kichwa kifupi, bodi ya mbao nyuma, na chini ya bodi betri za risasi zilizopangwa safu mbili, nzito ajabu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeichora msalaba mweupe. Halafu kampuni ilipoanza kuporomoka, ikawa inawaachia wafanyakazi wake wa miaka mingi wachague kitu katika vyuma chakavu. Wenzake walichagua mabati, mabomba, madirisha ya ofisi. Yeye alichagua gari alilokuwa amelihukumu.

Mke wake alisimama uani mikono kiunoni.

"Si ni we mwenyewe uliichora musalaba?"

"Niliichora juu ya kazi ya kampuni. Haiko juu ya kazi yangu."

"Na itakaa hapa mpaka siku gani?"

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, Tata Reforme alibahatisha. Alisema, "Mpaka mvua ya kwanza." Mvua ya kwanza ilinyesha, akasema mpaka Noeli. Noeli ilipita, akasema mpaka Pasaka. Jirani yetu mmoja, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa na malori yaliyolala kwa kukosa mafuta, alizitaka betri zile azitumie kuwashia taa na redio nyumbani kwake, na kila baada ya sala ya Ijumaa alipita kuuliza kwa adabu. Kila Ijumaa aliambiwa tarehe nyingine. Mtu aliyetuamulia sisi sote vitu vyetu vikae muda gani alishindwa kuamua cha kwake.

Tulimcheka, lakini tulikuwa tukilipanda. Miaka ile petroli ilipotea kabisa. Magari ya wahandisi yalisimama juu ya matofali, kuku wakatagia ndani yake. Lakini umeme, ule unaotoka kwenye maporomoko ya Lualaba, ulikuwa bado unafika kambini. Usiniulize kwa nini, kila kitu kingine kilikuwa kimekatika. Tata Reforme alilisha gari lake kwa waya mrefu uliopita dirishani, juu ya kitanda cha mkewe, na asubuhi alibeba unga, wagonjwa, majeneza, hata maharusi. Binamu yangu aliolewa akiwa ameketi kwenye bodi ile, gauni lake limefunikwa shuka lisipate vumbi jekundu.

Kwa kuwa gari halikuwa na sauti, watu na mbuzi hawakulisikia. Honi yake ilikuwa imekufa na yeye hakutaka kuweka nyingine, alisema inakula umeme. Basi alitoa kichwa dirishani na kusalimia njia nzima. "Yambo! Yambo, mama! Yambo, batoto! Yambo, mbuzi!" Wageni waliofika kambini walidhani ni mtu mwenye upendo mwingi kuliko wote mjini. Ungemkuta akitembea kwa miguu, ungeshangaa: alipita mbele yako macho chini, hakusema neno. Alikuwa mtu mwenye haya. Salamu zilikuwa za gari.

Kuhusu watu, hakujua lolote, na hilo nalisema kwa furaha. Nilipomleta mchumba wangu kumwonyesha mtaani, Tata Reforme alimtazama toka kichwani hadi miguuni, akaninong'oneza, "Miaka mbili, Madame." Madame ndilo jina alilonipa kwa sababu ya ualimu. Mume wangu huyo yuko chumba cha pili ninapoandika haya, anakoroma, ni mwaka wa thelathini na kitu. Lakini kwa vyuma, kwa mbao, kwa betri, hakukosea hata mara moja, na hakuna aliyembishia.

Jambo la maji lazima nilieleze. Betri zile zilikunywa maji, na si maji ya bomba. Maji yetu ya bomba yalikuwa na chokaa, na chokaa inaua betri polepole. Zamani kampuni ilikuwa na maji yake maalumu; yalipokwisha, akatuomba maji ya mvua. Basi mvua ikianza, utaona mtaa mzima unatoa mabeseni na ndoo safi nje, mbali na mabati, na baadaye kila nyumba inampelekea sehemu yake. Ikawa kama desturi. Hata waliogombana walikutana mlangoni kwake na ndoo.

Sasa mama yangu. Kwetu mtu mzima hapelekewi chombo nusu. Ukimpelekea mzee unga, bakuli linajaa mpaka linafurika. Ukimpelekea maji, ndoo inajaa mpaka inamwagika njiani. Nusu ni tusi. Msimu ule mvua ilichelewa, na ndoo ya mama ilipata maji mpaka katikati tu. Mama akaona aibu. Akaijaza kwa bomba, akaifunika kitambaa cheupe, akampelekea kwa mikono miwili. Alifanya hivyo mara tatu. Tata Reforme alipopima kwa kipimo chake cha kioo aliona betri mbili zimelala, haziamki. Aliuliza nyumba kwa nyumba, kwa upole, na mama hakudanganya.

"Ile maji ilikuwa kidogo, tata. Ningekuletea nusu namna gani?"

Tata Reforme aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Ulifanya muzuri, mama. Iko na heshima. Lakini sasa gari itafanya voyage moja tu kwa siku." Mama aliposikia safari moja tu alilia, akaona haya wiki nzima kupita mbele ya nyumba yake. Yeye wala hakulitaja tena.

Kisha ukaja ule mwaka. Kampuni ilikuwa imeanguka, kazi hakuna, na watu wenye hasira waliambiwa na wakubwa kwamba waliowanyang'anya kazi ni sisi wa Kasai. Vijana wenye rungu walianza kupita mitaani. Wengine nilikuwa nimewafundisha kuhesabu, na nilimjua mmoja wao kwa kovu la shavuni alilolipata kwa kuanguka kwenye ngazi za darasa langu. Tuliambiwa tuondoke. Njia ya kwenda gare ilikuwa ndefu, na wao walisimama njia nzima. Aliyekwenda kwa miguu alinyang'anywa alichobeba, na kipigo juu yake. Aliyekwenda katika gari la mtu wa pale, mtu anayejulikana, aliachwa apite.

Tata Reforme alikuja kusimama katikati ya mtaa, kwa miguu, yeye mwenye haya, akasema kwa sauti tuliyoisikia majirani sote, "Ba voisins, mutaa wetu nitabapeleka bote. Nyumba moja, siku moja. Betri iko na nguvu ya voyage munane, kisha itakufa. Minapima." Nyumba zetu za kuondoka zilikuwa saba. Tulipanga zamu siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu zamu ilikuwa ya fundi wa nguo aliyekaa mwisho wa mtaa, mtu mnene mcheshi aliyeshona sare za shule yangu yote, na mkewe, na binti yao wa miaka minne. Zamu yetu ilikuwa ya nne. Asubuhi ile mama yangu aliamka na homa, anatetemeka, hasimami. Fundi alikuja kutuaga, akamwona.

"Mama muzee aende mbele," alisema. "Sisi kesho. Kesho haiko mbali."

Nilikubali. Sikumbishia hata kwa adabu, kama mtu anavyobisha kidogo kabla ya kupokea. Nilisema asante, nikaanza kubeba vitu.

Safari ile ndiyo inayonirudia kuliko kitu chochote maishani. Tulimlaza mama kwenye bodi juu ya godoro, mimi na mume wangu tukaketi kila upande. Maua ya zambarau yalikuwa yameanguka barabarani, na magurudumu yalipita juu yake bila sauti. Nyumba zilipita, shule yangu ilipita, zahanati ilipita, wala sikusikia kitu, kama vile tumekaa na mji ndio unaotolewa taratibu. Tata Reforme hakutoa kichwa dirishani. Hakusalimia mtu. Vijana walisogea pembeni walipomwona, na mmoja alipiga bodi kwa rungu mara moja tu, si kwa nguvu. Mama alifumbua macho akauliza, kwa ile homa, kama tumefika Noeli. Gare tulikuta watu elfu wamekaa chini. Tata Reforme alishusha godoro, akalipiga vumbi, akaniambia, "Madame, kesho nitaleta fundi." Akageuza gari.

Kesho yake treni ilifika mchana. Tulikuwa tumewawekea fundi na familia yake nafasi, tumetandaza kitenge. Hawakuja. Badala yake usiku alifika mwanamke wa mtaa wa jirani, kwa miguu, hana kiatu kimoja, akatuambia: betri imekufa. Tata Reforme mwenyewe amesema. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Yeye akisema kitu kimekufa, kimekufa. Kabla ya alfajiri treni iliondoka na kitenge chetu kikiwa kitupu.

Fundi nilimwona tena miezi mingi baadaye, Mwene-Ditu, huko Kasai, ambako tulijaribu kuanza upya. Amekonda, nguo zinamning'inia. Walisubiri kutwa nzima siku ile wakiwa wamekalia mizigo yao. Jioni wakaambiwa habari ya betri, na asubuhi iliyofuata wakaenda kwa miguu. Cherehani ilichukuliwa njiani. Treni yetu ilikuwa imeondoka, na nyingine haikuja kwa wiki nyingi. Walilala nje, mvua ikiwanyeshea, na pale gare binti yao akaanza kuhara. Alizikwa karibu na reli.

"Haiko kosa ya mutu," fundi aliniambia. "Ni betri tu."

Mama alikuwa amekaa pembeni, akasikia. Tangu hapo mpaka kifo chake alikuwa akiniuliza, hata katikati ya chakula, kama maji ya bomba yanaua betri haraka namna ile. Nilimwambia hapana. Hakuniamini, na kusema kweli sikujiamini mwenyewe.

Na Tata Reforme nilimsimulia kila mahali. Kwa wanafunzi wangu wapya, kwa mapadri, kwa watoto wangu. Watu wakisema watu wa kule wote ni wabaya, mimi nilisema: hapana, nisikilizeni, kulikuwa na mzee mmoja na gari la umeme, alibeba mtaa wetu mpaka betri ikamfia. Nilikuwa naisema vizuri. Kuna waliolia.

Nilirudi Kolwezi kwa sababu ya binti yangu. Ameolewa na kijana anayefanya kazi mgodini Fungurume, na kijana huyo amenunua pikapu ya umeme, mpya, nyeupe, ya Kichina. Walikuwa wakigombana kila jioni: yeye anataka wakae nayo miaka mitatu kisha waiuze kabla betri haijachoka, binti yangu anataka wakae nayo mpaka ife. Nikawaambia nyamazeni, namjua mtu ambaye neno lake katika jambo hili ni la mwisho, kama bado yu hai.

Yu hai. Nyumba ni ile ile, mke ametangulia. Alikuwa ameketi kwenye kiti uani, mwembamba zaidi, bado na tai. Alinitambua kwa sauti. Nikamwambia mkwe wangu, kwa fahari, "Huyu ndiye aliyetubeba sote."

Mzee aliizunguka pikapu. Akaweka kiganja juu ya bodi, akainamisha kichwa. Tulisubiri. Akaondoa mkono.

"Hii, sitasema."

"Tata, wewe tena? Umeanza lini kunyamaza?"

"Mi niliachaka kusema, Madame. Tangu ile siku." Alirudi kuketi. "Na haiko bote. Usimudanganye huyu mutoto. Haiko bote nilibeba."

"Nyumba tatu, najua. Kisha betri ikafa."

Alinitazama, na nilianza kuogopa kabla hajafungua mdomo.

"Nilitoka kubashusha nyie gare. Ba jeunes, bale ba rungu, balinifuata mpaka hapa mulangoni. Balisema, kesho tukikuona tena na bale bantu, tutachoma gari na we ndani. Mi nikaogopa. Nikaita muzee wa malori, nikamupa betri zote, yeye akabeba. Asubuhi fundi alikaa pale inje, juu ya bitu yake. Mi nilikuwa nyuma ya rideau ya dirisha, namuangalia mpaka jioni. Njo muke wangu akatoka kumuambia betri imekufa. Mi njo nilimutuma. Nilijua batu batasadiki, juu ni mi nasema." Akapumua. "Ilikuwa na voyage tano, Madame. Nilikuwa nimepima ile jioni, bado sijaitoa."

Mkwe wangu alisogea mbali, akajifanya anatazama simu.

Hasira iliyonipanda sikuwahi kuijua. Nilimwambia kila kitu, sikupunguza: treni iliyoondoka na kitenge kitupu, wiki zile za mvua, mtoto. Nilimwambia mama yangu alikufa akidhani yeye ndiye aliyeiua betri. Nilisema huku nimesimama, nikimnyooshea kidole, mtu wa miaka themanini na zaidi. Yeye alisikiliza akiwa amefumba macho. Na katikati ya maneno hayo nilikumbuka nilivyosema asante kwa fundi, upesi upesi, nikaanza kubeba vitu. Niliketi chini, palepale kwenye vumbi, karibu na viatu vyake, na nikajua kwamba bado nampenda.

"Na fundi," aliuliza, "alisemaka nini juu yangu?"

"Hajakulaumu hata siku moja. Anasema ni betri tu."

Hapo ndipo alipolia, bila sauti.

"Yeye iko muzima?"

"Yuko hai. Mwene-Ditu. Anashona bado."

"Utamuambia, Madame. Ukirudia kule, utamuambia."

Nilitoa simu kwenye mkoba, nikatafuta namba. "Hapana, tata," nikasema. "Mimi sitakubebea hiyo." Nikaipiga, nikamwekea mkononi.

Aliipokea kwa mikono miwili. Iliita mara nyingi, nikadhani haitapokelewa. Kisha tukasikia cherehani inasimama, na sauti ya fundi, nene, ya uchangamfu, inauliza ni nani.

"Fundi," alisema. "Ni mi, Reforme, wa Kolwezi. Betri haikukufa."